Viti vya 240Z: pima kwanza
Mkuu, umeuliza ununue viti gani kuweka kwenye Datsun 240Z yako badala ya vile vilivyochanika. Rangi na ngozi ziache kwanza. Chukua futi, pima upana kati ya tuta la giaboksi na kizingiti cha mlango, pale chini kabisa. Paa la gari hili liko chini sana. Mimi viti vipya viliniinua sentimita 4 tu, nikawa naendesha nimeinamisha shingo mpaka nikaving'oa. Kiti cha ganda kisicholala, kikifungwa kwa mabano ya pembeni, hushuka vizuri zaidi, ila kuingia na kutoka ni kazi. Viti vya mashindano vyenye cheti cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) cha kiwango 8855-1999 muda wake ni miaka 5 tangu kutengenezwa, kwa hiyo soma kibandiko. Na vile vyako vilivyochanika tafadhali usivitupe.