Tikka T3x au Winchester Model 70?

Ndugu, umeeleza kwamba unataka bunduki ya bolti (kipande cha chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda) kwa ajili ya kuwinda wanyama wa ukubwa wa wastani, na kwamba unasita kati ya Tikka T3x, inayotengenezwa na Sako nchini Finland, na Winchester Model 70, iliyoingia sokoni mwaka 1936. Kwa upande wa shabaha usihangaike, kwani zote mbili hulenga vizuri kuliko uwezo wa wawindaji wengi.

Tofauti kubwa iko katika namna risasi inavyoingia chemba, yaani sehemu ya mtutu inamofyatuliwa. Model 70 ya sasa ina ukucha mrefu unaoishika risasi mara inapotoka kwenye magazini (kihifadhi cha risasi) na kutoiachia hadi ganda litupwe nje, hivyo mwindaji mwenye hofu akiirudisha bolti kabla haijafika mwisho, hasukumi risasi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. (Ukinunua iliyotumika, chunguza kwa makini, kwa sababu nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1964 hazina ukucha huo.) Aidha, kizuizi chake cha usalama kina hatua tatu, na ile ya kati hukuruhusu kuitoa risasi huku bunduki ikiwa bado haiwezi kufyatuka, jambo hili nalithamini sana.

Tikka huisukuma risasi tu bila kuishika mapema, lakini mpini wa bolti yake huinuliwa kwa nyuzi 70 badala ya 90, na huteleza kwa ulaini wa kupendeza.

Kwa mnyama anayeweza kukugeukia ningesisitiza Model 70. Kwa mawindo uliyoyataja, ningechukua Tikka, mradi kitako chake kikae sawasawa begani mwako.