Muulize Shangazi: Eti nina ubaguzi nisioujua?

Shangazi shikamoo. Nauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma. Juzi mdogo wangu kaniambia eti mteja akiwa na lafudhi ya ng'ambo ya ziwa noti zake nazihesabu mara mbili, za wengine natupia tu kwenye droo. Nimekataa, mi sina ubaguzi jamani. Mtu anaweza kuwa na kitu moyoni asikijue?

Marahaba mwanangu. Mwaka 1998 huko Marekani mwanasaikolojia Greenwald na wenzake walitoa jaribio la kompyuta, unabonyeza vitufe harakaharaka ukipanga watu wa aina mbili pamoja na maneno mazuri na mabaya, pale unapochelewa kidogo ndo wanapopima upendeleo wako wa ndani. Basi watu wengi wakachukulia kwamba haya mambo yamejificha kabisa mwenyewe hayajui. Ila 2014 mtafiti Adam Hahn na wenzake wakawaambia watu wabashiri kwanza matokeo yao ya jaribio hilo, na wakapatia vizuri tu, japo msimamo waliotamka kwa mdomo haukuendana sana na hayo matokeo! Yani kuhisi wanahisi, kukiri ndo shughuli.

Kwahiyo mi nakuona unajua, ungekuwa hujui usingeniandikia (na usimnunie mdogo wako). Ile noti ikifika mkononi kuna kitu kinakugusa hata kabla hujaanza kuhesabu, we kisikilize tu usijitetee. Na hela hesabu za wote mara mbili, hata za jirani yako.