London mpaka Berlin, mlango kwa mlango

Mwanangu Rayya,

Ile sauti uliyotuma WhatsApp mama yako kanisikilizisha mara mbili, basi lako lilikuwa linanguruma lakini nimeelewa. Unauliza London mpaka Berlin ni mbali kiasi gani na ndege inachukua muda gani, maana hiyo kazi wanataka uwe kule siku za kazi halafu wikiendi urudi kwa mumeo. Haya. Kwa mstari wa angani ni kama kilomita 930, hewani unakaa kitu kama saa moja na dakika hamsini, sawa na boti ya hapa Unguja kwenda Dar. Ila saa za Berlin ziko mbele kwa saa moja, ukiondoka saa tatu asubuhi utakuta huko inakaribia saa sita, ukirudi ndio unarudishiwa yako.

Lakini nimeshakwambieni nyote, safari hesabuni mlango kwa mlango, msihesabu ndege.

Amiyako Salum alipokuja kunitizama 1987, mimi nasoma Berlin Mashariki, yeye yuko London. Enzi hizo hata ndege za Ujerumani Magharibi wenyewe haziruhusiwi kwenda Berlin Magharibi, ni za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa tu, tena zinapita kwenye njia tatu maalumu, chini chini, futi elfu kumi, kahawa yote ikammwagikia kwenye suruali. Akashuka Tegel, uwanja wa ndege wa Berlin Magharibi. Kutoka Tegel mpaka Friedrichstraße, pale pa kuvukia kuja Berlin Mashariki, hata kilomita kumi hazifiki, na hizo ndizo zilizommaliza. Foleni, pasi ikapitishwa kwenye kitundu ikapotelea huko ndani, abadilishe maki 25 za lazima, viza ya siku moja, saa sita ya usiku awe ameshatoka. Mimi nimesimama upande wa pili na baridi ile, pilau nimeiacha bwenini, sufuria zima nimelizungushia blanketi lisipoe, bizari katuma bibi yako. Alipotokea kiza kishaingia. Tukala harakaharaka, macho yake kwenye saa tu, na yale ya nyumba ya Kikwajuni niliyotaka tuyamalize ana kwa ana hatukuyagusa. Unajua yalivyokuja kwisha.

Sasa utanambia baba, ukuta uliogawa Berlin umeanguka tokea 1989, Tegel yenyewe imefungwa 2020. Kweli. Uwanja mpya uko Schönefeld na treni kama nusu saa hivi uko mjini, kweli tena. Lakini Uingereza haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa pasi mipakani, kwa hiyo pasi utaitoa kila Ijumaa na kila Jumatatu, weka na kuwahi uwanjani, weka na kutoka kwako mpaka huo uwanja, hapo nusu siku ishakwenda na ndege haikuchelewa. Mlango kwa mlango, Rayya. Halafu najijibu mwenyewe, mbona hapa wapo wanaopanda boti ya Dar kila wiki na ndoa zao zimesimama? Wapo. Wapo na ambao hazikusimama, na majina yao unayajua. Ninalo la kusema ila mama yako kanikataza, basi sisemi.

Nitafutie tu ndege ya mwisho ya Ijumaa jioni inaondoka saa ngapi, na ikikuacha unalala wapi. Na mumeo umeshamuuliza, au umeanza na mimi?

Babaako