Spika kwanza, kadi ya sauti baadaye

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una zile spika mbili ndogo za plastiki na boksi lake la besi, maneno ya kwenye filamu hayatoki sawasawa, besi inavuma mfululizo, na ukisogeza kipanya kuna mlio mwembamba unasikika kwa nyuma. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja, nawe unafikiria kuanza na kadi ya sauti ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Mimi nakushauri usianze na hiyo. Hela ipeleke kwenye spika, na kabla ya kutoa hata senti moja kuna mambo ya bure ambayo huenda yakakumalizia nusu ya tatizo.

Ushauri wa kukimbilia kadi ya sauti ni wa zamani, na wakati wake ulikuwa sahihi kabisa. Creative walipotoa Sound Blaster ya kwanza mwaka 1989, kompyuta nyingi zilikuwa na kispika kimoja cha kulia "bip" basi. Hata Intel walipoleta AC'97, kiwango cha sauti ya kompyuta, mwaka 1997 na sauti ikaanza kukaa kwenye ubao mama wenyewe, ilitoka na kelele nyingi. Aliyenunua Sound Blaster Live! enzi hizo alisikia tofauti siku hiyo hiyo. Mwaka 2004 ikaja Intel HD Audio, kiwango kilichochukua nafasi yake, hali ikawa nzuri zaidi. Kisha Windows Vista ikaondoa njia ambayo michezo ilikuwa inaitumia kufikia kadi moja kwa moja kupitia DirectSound (programu ya sauti ya Windows), na kadi nyingi za michezo zikapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Sasa hivi chipu za kawaida za Realtek zilizo kwenye ubao mama zina nafasi ya zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kati ya muziki na kelele, na ALC1220, mojawapo ya chipu hizo, inatajwa kuwa na 120. Sidii ya muziki, kwa biti zake 16, ina desibeli 96 tu. Kwa hiyo chipu uliyonayo haiwezi kuwa ndiyo inayomeza maneno ya waigizaji.

Spika ni habari nyingine. Chipu ya sauti huipotosha sauti kwa kiasi ambacho sikio halikioni, chini ya sehemu moja ya mia ya asilimia. Spika ndogo ikisukumwa kwenye besi hufika asilimia moja na kupita, na juu ya hapo kila spika ina milima na mabonde yake: sauti hii inapanda, ile inazama. Ukibadilisha kadi ukaacha spika zile zile, milima na mabonde utabaki nayo yote.

Sasa tuje kwenye maneno ya filamu, maana nadhani hilo ndilo linalokuudhi zaidi. Fungua mipangilio ya sauti ya Windows uangalie kompyuta inadhani una spika ngapi. Nimekutana na hili kwa watu wengi: kompyuta imepangwa 5.1, yaani spika tano na boksi la besi, wakati aliyekaa mbele yake ana spika mbili. Filamu za 5.1 hupeleka maneno karibu yote kwenye spika ya katikati. Wewe huna spika ya katikati, kwa hiyo maneno yanakwenda kwenye tundu ambalo halijachomekwa kitu, na unachosikia ni muziki na milipuko, huku watu wakinong'ona kwa mbali. Weka stirio, yaani spika mbili. Ukishaweka, zima vile "viboreshaji vya sauti" vilivyokuja na draiva, hasa kile cha kuongeza besi na kile cha kuigiza ukumbi. Kisha sauti ya ndani ya kompyuta ipandishe hadi mwisho au karibu na mwisho, upunguze kwa kutumia kitufe cha spika. Ukifanya kinyume, spika inakuza ishara dhaifu pamoja na kelele zake.

Mlio wa kipanya una kipimo chake rahisi. Chomoa waya wa spika kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu ambayo haiko kwenye chaja. Mlio ukitoweka, unatoka upande wa kompyuta. Ukibaki, ni spika zenyewe au umeme wake. Kama ni upande wa kompyuta, angalia umechomeka wapi. Tundu la mbele la kasha hupata sauti kwa waya mrefu unaokatiza ndani, mara nyingi jirani na kadi ya picha, na waya huo hukusanya kila aina ya takataka za umeme njiani. Hamia tundu la kijani la nyuma. Ikiwa hilo halijasaidia, chomeka spika, kompyuta na skrini kwenye ekstensheni moja, maana vifaa vikichukua umeme na ethi sehemu tofauti, mkondo mdogo huzunguka kupitia waya wa sauti, nao ndio huleta mvumo wa 50 au 60 Hz (mitetemo kwa sekunde) pamoja na vilio vya kompyuta. Ekstensheni moja ikishindwa, kuna kitenganishi cha transfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Ni kidude cha bei ya chini na kwa mvumo wa aina hii hufanya kazi vizuri mno. Kama kompyuta ina tundu la TOSLINK, linalopeleka sauti kwa mwanga, na spika zinalipokea, hiyo ni nzuri kuliko zote, kwa sababu mwanga haubebi umeme.

Baada ya hapo, uwekaji. Hapa naomba usiharakishe, kwa kuwa hakuna hela inayolipa kama dakika utakazotumia kuzipanga spika. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kichwani kwako, pembetatu ya pande sawa. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ielekee sikio na iwe kwenye usawa wake. Spika ikilazwa juu ya meza na kutazama kifua chako, sauti inagonga meza kabla ya kukufikia na maneno yanakuwa mazito. Inyanyue kwa vitabu au kipande cha mbao, au iinamishe nyuma kidogo. Usiisukumie kwenye kona: kila ukuta ulio karibu unaongeza besi, na kona ina kuta mbili.

Ukitaka kujua kama umepatia, cheza rekodi ya mtu mmoja anayezungumza, taarifa ya habari kwa mfano, ufumbe macho. Sauti yake itoke katikati ya skrini, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Sogeza spika ya kulia sentimita chache tu na utamsikia anahama. Akisikika kama yuko kila mahali na besi imekonda, kagua waya: nyekundu na nyeusi zimebadilishana kwenye spika moja, koni moja, ile sehemu inayotetemeka, inakwenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na besi zinauana.

Boksi la besi la seti kama yako lina shida ya kimaumbile. Zile spika ndogo zina koni ya inchi mbili au tatu, na mara nyingi zinakata pumzi karibu na 150 au 200 Hz. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na 100. Kwa hiyo sehemu ya chini ya kila sauti ya kiume inabebwa na boksi lililo sakafuni, ambalo lenyewe linajua zaidi noti moja. Ndiyo maana unasikia mvumo badala ya besi. Punguza kitufe chake hadi usijue kama limewashwa, kisha ongeza kidogo sana. Na mahali pa kuliweka panatafutwa hivi: liweke kwenye kiti unachokalia, cheza wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, halafu tembea chumbani ukiwa umeinama. Utakapopata sehemu ambayo noti zote zina nguvu moja, hapo ndipo pake.

Ukishafanya hayo yote na bado hujaridhika, sasa nunua.

Njia ya kwanza ni spika mbili zenye amplifaya ndani, wufa, ile spika ya sauti za chini, isipungue inchi nne, na usichukue boksi la besi kabisa kwa sasa. Ni njia safi: waya mmoja, umeme, kazi imekwisha. Sikiliza kabla ya kulipa, na weka sikio karibu na twita wakati hakuna kinachocheza, maana mezani utakaa karibu nayo na ile "shshsh" ya chini chini usiku itakukera. Usiangalie wati zilizoandikwa kwenye boksi. Namba kubwa zenye neno PMPO hazina maana yoyote, tafuta RMS, nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo. Hata RMS usiihangaikie sana: kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayoitumia: spika za mtumba zisizo na amplifaya, zile za mbao za kuweka rafuni, pamoja na amplifaya ndogo ya kisasa. Watu wanaziuza kwa sababu zinachukua nafasi, wakati ndani yake kuna koni na twita ambazo kwa bei hiyo huwezi kuzipata mpya. Amplifaya ndogo zenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments zinaenea kiganjani na zinakubali chaja ya zamani ya kompyuta mpakato ya volti 19. Kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) utapata takriban wati 20 kila upande. Usizidharau. Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 86 kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, ukiipa wati 20 inafika karibu 99, na hapo majirani watakuja kabla wewe hujachoka.

Spika za mtumba zinakaguliwa. Toa kitambaa cha mbele. Gusa kwa kidole ule mkanda unaoshika koni na kuizunguka. Ukiwa wa mpira ni salama kwa kawaida. Ukiwa wa sponji, uangalie kwa makini, kwa sababu sponji huoza kwa miaka hata kama spika haikuwahi kupigwa, na ikioza inabaki unga mweusi kidoleni. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au kuna uchafu, achana nayo. Pima kwa multimita: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, na isiposoma namba yoyote, waya umekatika. Twita isikilize peke yake, sikio karibu kabisa, kwa kuwa twita iliyoungua haijitangazi. Spika inaimba tu lakini kama imefunikwa blanketi.

Sponji iliyooza peke yake isikukimbize, itumie kushusha bei. Mikanda mipya inauzwa kwa kipimo cha koni, na kuibadilisha ni kazi ya jioni moja ya subira. Unakwangua gundi ya zamani yote hadi karatasi ya koni iwe safi, unagundisha mkanda kwenye koni kwanza, unaacha ukauke, kisha unagundisha ukingo wa nje. Pale kwenye ukingo wa nje ndipo koili inapotakiwa kukaa katikati ya pengo lake. Mimi huchezesha mlio wa 30 Hz kwa sauti ndogo huku gundi ikishika. Koni inapumua polepole, na ikianza kukwaruza naisogeza kwa kidole hadi mkwaruzo upotee. Kusikia spika iliyokuwa imetupwa ikitoa besi safi tena ni furaha ambayo kadi ya sauti haijawahi kunipa.

Waya usikutoe hela. Kwa mita mbili, waya wa kawaida wa shaba wa taa unatosha.

Kadi ya sauti nayo ina siku yake. Ukiwa na hedifoni za omu 250 au 300 ambazo chipu inashindwa kuzisukuma, ukitaka kurekodi kwa maikrofoni ya maana, tundu likiharibika, au ule mlio ukikataa kuondoka kwa njia zote nilizotaja. Hapo chukua ya nje ya USB, siyo ya ndani, kwa sababu nje iko mbali na vurugu za umeme za kasha na utahama nayo hata ukibadilisha kompyuta. Haihitaji kuwa kubwa. Ile adapta ndogo ya Apple ya kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni ni DAC, yaani kigeuzi cha sauti ya kidijitali, safi sana kwa ukubwa wake, ila toleo la Ulaya lina nguvu ndogo ya kutoa. Na usilipie 192 kHz, idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde: sikio la binadamu linakomea mitetemo ya 20 kHz, na vipimo vya 44.1 au 48 vinaifikia bila shida.

Kwa wewe, mkuu, anza na stirio na tundu la nyuma leo. Kisha nipe vipimo viwili: kutoka kichwani kwako hadi mahali spika zitakapokaa, na kutoka hapo hadi ukutani. Kama ukuta uko karibu sana nitakutajia spika zilizozibwa au zenye tundu la hewa kwa mbele, maana zenye tundu kwa nyuma zitakurudishia ule ule mvumo unaoukimbia.