Aimbe anavyotaka, ila aliyemwalika asijifiche

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama msanii anayeitwa kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi inayorushwa live aruhusiwe kuweka vionjo vyake, au auimbe vilevile kama kwenye gwaride. Najua wengi watajibu kwa kuwataja wasanii wetu hapa nyumbani. Mi nawapeleka Detroit, Marekani, mwaka 1968, kwenye besiboli, na msinicheke.

Besiboli nimeizoea kwa sababu ya kazi. Niko mapokezi kwenye gesti, zamu ya usiku, na mechi inayoanza saa moja jioni Detroit huku kwetu inakuwa saa nane usiku, mpira wa miguu hakuna, wateja wamelala, umebaki wewe na bando lako. Nilianza kwa kutazama tu bila kuelewa nani amefunga, baadaye nikaangukia rekodi za zamani za mtangazaji wa Detroit Tigers, timu ya besiboli ya huko, anaitwa Ernie Harwell, hapo ndo nikanasa kabisa. Huyu mzee hapigi kelele. Mpigaji akiacha mpira wa tatu, ule wa kumtoa, umpite bila hata kuinua gongo, Harwell anasema jamaa kasimama pale kama nyumba ya kando ya barabara. Mpira ukirukia jukwaani anakwambia umedakwa na bwana mmoja kutoka Ypsilanti, mara nyingine anataja mji mwingine wa Michigan, jimbo lenyewe la Detroit, na huyo bwana hamjui wala hajawahi kumuona, anabuni tu papo hapo! Halafu kuna hii, mwaka 1948 Brooklyn Dodgers walipomtaka, timu aliyokuwa anaitangazia kule Atlanta ikakataa kumwachia mpaka ipewe mchezaji, ikabidi Dodgers watoe mdakaji, Cliff Dapper. Fikiria Simba watoe kipa ili wapate mtangazaji.

Sasa Harwell alikuwa pia anatunga nyimbo, kwa hiyo Tigers walipofika fainali, ile World Series ya 1968 dhidi ya St. Louis Cardinals, inayochezwa mechi kadhaa mpaka timu moja ishinde 4, yeye ndo akapewa kazi ya kutafuta waimbaji wa wimbo wa taifa kwa mechi za Detroit. Tarehe 6 Oktoba alimleta Marvin Gaye, mwimbaji wa muziki wa soul, akaombwa aimbe kawaida, akaimba kawaida, hakuna aliyesema neno. Kesho yake, mechi ya 5, akamleta José Feliciano, kijana wa miaka 23 mzaliwa wa Puerto Rico, kipofu, na miwani yake myeusi na gitaa. Kwanza hakuna bendi, hakuna matarumbeta, ni gitaa tu na sauti inayokwenda polepole, neno analivuta, analikunja, analirudisha mahali ambapo hukulitegemea, ukiwa umezoea ule wimbo wa mguu-sawa unabaki unamsubiri akufikie na yeye wala hana haraka. Mi naona pazuri sana. Uwanjani wengine walishangilia wengine wakazomea, na simu za NBC, waliokuwa wanarusha mechi, zikafurika malalamiko.

Mkumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa. Vita ya Vietnam imepamba moto, Martin Luther King kauawa Aprili, Robert Kennedy Juni, na Detroit yenyewe mwaka wa nyuma yake ilikuwa imewaka moto kwa ghasia. Siku 9 baada ya Feliciano ndo wakimbiaji weusi wa Marekani, Tommie Smith na John Carlos, wakainua ngumi kupinga ubaguzi kwenye jukwaa la medali la Olimpiki Mexico City wimbo huohuo ukipigwa. Kwa hiyo watu waliokaa sebuleni hawakusikia gitaa, walisikia matusi. Vituo vya redio vikaacha kupiga nyimbo za Feliciano, yeye mwenyewe amelisema hilo mara nyingi, ingawa rekodi ya siku ile ilitolewa kama singo na ikaingia kwenye chati ya Billboard, ndo ujue na waliopenda walikuwepo. Na dada mmoja wa Detroit alikasirika jinsi alivyotendewa akamwanzishia kundi la mashabiki, baadaye wakaja kuoana.

Ila mimi anayeniuma zaidi ni Harwell. Angeweza kusema sikujua ataimba vile. Hakusema hivyo. Barua za hasira zikamiminika na kazi ilikuwa inamponyoka, naye akabaki anamtetea yule kijana, kwamba mtu ana haki ya kuimba anavyoweza. (Mechi yenyewe Tigers walifungwa 3 kwenye awamu ya kwanza tu, wakageuza wakashinda 5-3, na ubingwa wakabeba kwenye mechi ya 7. Kama ingekuwa kwetu tungesema wimbo ule ulikuwa na dawa.)

Hao wanaosema "uimbwe kama ulivyo", ulivyo lini? Marekani kwenyewe wimbo huo ulianza kushika mizizi kwenye besiboli mwaka 1918, katikati ya vita, bendi ilipoupiga kwenye fainali Chicago na watu wakaanza kuimba wenyewe, na haukuwa wimbo rasmi wa taifa mpaka 1931, na muziki wake asili yake ni klabu ya starehe London. Wa kwetu muziki ni wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, majirani zetu Kenya wao walichukua wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Wote hao waliuchukua muziki wa kitu kingine wakaugeuza. Na Marvin Gaye yuleyule, mwaka 1983 kwenye mechi ya kikapu ya nyota wa NBA, All-Star, aliimba kwa mdundo wa mashine ya ngoma, na uwanja mzima ukampigia makofi.

Mei 2010 Harwell alifariki, na mwezi huohuo Tigers walimrudisha Feliciano uwanjani auimbe tena, kwa staili ileile ya 1968, kumuenzi mzee.

Kwa hiyo jibu langu ni ndio, aimbe anavyotaka. Ila kituo kinachorusha mechi kitaje na jina la aliyemwalika, kabla msanii hajashika maiki, halafu ukimaliza huo wimbo kamera impige na yeye pale alipokaa.