Wiki tatu za printf, na herufi moja iliyonikosesha mteja

Juzi kati kuna kijana kaniandikia: "Kaka shikamoo, bodi yangu inajizima na kujiwasha yenyewe kila usiku, nimejaza printf kila mahali ila sioni kitu, nifanyeje?" Nikacheka, alafu nikanyamaza, maana huyo kijana ni mimi wa miaka mitatu iliyopita. Hadi hilo neno "kila mahali" nilikua nalisema hivyohivyo. Printf ni ile amri ya kuifanya programu itoe maneno ili uone imefika wapi.

Wakati huo nilikua na mwenzangu, tumepata kazi yetu ya kwanza ya maana: kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tanki na kuwasha pampu. Kitu kidogo tu, chipu ya Cortex-M, sensa moja, relei (swichi ya pampu) moja. Mteja alikua na sharti moja, kiende masaa 24 bila kusimama ndo asaini. Na mimi enzi hizo nilikua na kiburi, yani nikimwona mtu anatumia debaga, kile kifaa cha kuisimamisha chipu na kuchungulia ndani yake, namwona hajui kusoma programu yake. Nilikua nasema printf inatosha, wakongwe wote wametumia printf. Sijui hao wakongwe nilikutana nao wapi.

Basi tukawasha. Kikaenda masaa 8 na dakika kama 20, kikajiwasha upya, kikaanza kuhesabu toka sifuri mbele ya mteja. Tukajaribu tena, masaa yaleyale. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kwanini yaleyale, mi nikaongeza printf. Cha ajabu nikiongeza printf kinaenda vizuri siku nzima, nikizitoa kinakufa, nikiweka nyingine kinakufa kwa namna nyingine kabisa. Wiki tatu, bwana. Mwenzangu siku ya mwisho alikunja laptopu yake akaniambia "wewe unabahatisha" akaondoka, na mteja akaenda kwa watu wengine wiki hiyohiyo. Lile neno bado linaniuma, na linauma kwa sababu lilikua kweli.

Sasa nikueleze kwanini printf inadanganya. Ukituma kwa waya wa siriali kwa kasi ya 115200 unapata herufi kama 11520 kwa sekunde, kwahiyo sentensi ya herufi 40 inakula karibu milisekunde 3.5. Kwa chipu ya 72 MHz hayo ni mapigo zaidi ya laki mbili, umeisimamisha kwa ajili ya maneno yako, na ukiiweka ndani ya intarapti, ile kazi ya haraka inayokatiza programu, ndo umeharibu kabisa. Alafu kila laini unayoongeza inasogeza vitu kwenye memori, kwahiyo bagi uliyokua unaitafuta jana leo imehamia kwa jirani.

Baada ya kila mtu kuondoka ndo nikanunua debaga. Na hapa nikiri, ya kwanza nilinunua J-Link feki, yani debaga ya SEGGER ya kuigiza, nikaichomeka, programu yenyewe ikaitambua kwamba ni feki ikakataa kazi. Aibu ya peke yako chumbani ni aibu mbaya sana. Nikajipanga nikanunua ya kweli. Hao SEGGER ni kampuni ya Ujerumani, ilianza 1992, na kinachonifurahisha ni kwamba wanatengeneza vyote viwili, mfumo endeshi mdogo wa kuwekwa ndani ya chipu, embOS, na hicho kifaa cha kuchungulia chipu. Mi namwamini zaidi fundi anayetumia nyundo yake mwenyewe.

Nikazima wochidogi, ile saa ya ulinzi inayoiwasha chipu upya programu ikikwama, maana ndo ilikua inanifutia ushahidi kila mara. Nikaunganisha zile nyaya mbili za SWD, njia ya debaga kuongea na chipu, na ya ardhi, nikarudisha programu ilivyokua kabla ya printf zote, nikalala. Asubuhi nimekuta imesimama ndani ya HardFault, pale prosesa inapokimbilia ikipata kosa kubwa, imetulia inanisubiri. Nikasoma rejista ya CFSR, inayotunza sababu ya kosa, anwani 0xE000ED28, ikasema 0x00020000. Maana yake prosesa imeambiwa iruke kwenda kwenye anwani isiyo na biti ya Thumb, yani anwani ya shufwa wakati kwenye Cortex-M pointa ya fankisheni, yani anwani ya kipande cha programu cha kwenda kukitekeleza, lazima iwe witiri. Nikaenda kuangalia pointa ya fankisheni ya pampu, baiti yake ya chini ilikua 00. Nani kaiandika? Nikaweka wochipointi kwenye anwani ile, chipu isimame yeyote atakapoigusa, nikaibadilisha kaunta, ile inayohesabu sensa imesomwa mara ngapi, kwa mkono iwe 9998 nisisubiri masaa 8 mengine. Sekunde 6 tu, ikasimama. Ndani ya sprintf, ndugu ya printf inayoandika ujumbe kwenye memori.

Kumbe bafa, yani nafasi ya memori ya kuwekea ujumbe, ilikua ya baiti 32, na ujumbe wenye kaunta ya tarakimu nne ulikua unaijaza kabisa pamoja na ile sifuri ya kuonyesha mwisho wa maneno. Tunasoma sensa kila sekunde 3, kaunta ikifika 10000 ujumbe unaongezeka herufi moja, ile sifuri inaangukia nje, na jirani wa nje alikua ni pointa ya pampu. Piga hesabu, 10000 mara 3 ni sekunde 30000, ndo masaa 8 na dakika 20. Jibu lilikua limeandikwa kwenye saa toka siku ya kwanza! Dawa yake ilikua snprintf, umpe na ukubwa wa bafa. Herufi n. Wiki tatu, mteja na rafiki, vimeondoka kwa herufi n.

Kwahiyo we unayeota kuwa na kampuni yako ya vifaa, na najua unaota ndo maana unasoma hapa, nunua debaga kabla hujachapisha bodi ya kwanza, na kwenye bodi acha sehemu ya kuichomeka, usiniambie nafasi ni ndogo. Jifunze wochipointi. Jifunze kusoma CFSR. Ukitaka lazima kuandika maneno tumia RTT, inaweka maneno kwenye RAM na debaga inayachota chipu ikiendelea na kazi. Kama hela hamna kuna OpenOCD, programu ya kuiunganisha debaga na kompyuta, ilianza 2005 kama kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa chuo, na GDB, programu ya kuisimamisha programu nyingine na kuikagua, ipo toka 1986, zote bure, kwahiyo kisingizio huna. Nunua debaga, nimesema.

Na usione aibu kukwama. Mwaka 1997 chombo cha NASA, Pathfinder, kilikua kinajiwasha upya kikiwa Mars, shida ni kazi yenye kipaumbele cha chini kushikilia kitu kinachosubiriwa na kazi yenye kipaumbele cha juu. Wale hawakubahatisha, walikua wameacha zana za kufuatilia humohumo ndani ya programu, wakaifanya itokee kwenye kifaa pacha hapa duniani, wakatuma marekebisho. Kutoka hapa hadi Mars! Na we bodi iko mezani kwako, unaigusa kwa mkono, alafu unabahatisha.

Yule kijana nilimwambia anitumie picha ya bodi na namba ya CFSR. Jana usiku katuma picha tu, anasema debaga hana na hela hana. Nikaikuza ile picha. Ni bodi ya Nucleo, na ST-LINK, debaga inayokuja na bodi yenyewe, ipo palepale juu karibu na USB. Mwaka mzima alikua anaitumia kupakilia programu tu.