Zana ya ripoti kwa timu inayojaribu kwa mashine: anza na jaribio lililofeli

Mkuu mleta mada, umesema timu yenu ina majaribio ya kiotomatiki zaidi ya elfu moja, mengi ya Playwright (ya kujaribu kurasa za kivinjari) na mengine ya pytest (ya lugha ya Python), yanakimbia kila developa anapotaka kuunganisha kodi (code) yake, na bosi anataka mchague zana moja ya ripoti kati ya Allure, ReportPortal, TestRail na Xray. Mimi niko upande wa QA, yaani ukaguzi wa ubora, kwenye mifumo ya malipo hapa Dar kwa miaka kadhaa, na zote nne zimepita mikononi mwangu kazini. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, orodha yako imechanganya vitu viwili. TestRail na Xray zimejengwa kuzunguka jaribio lililoandikwa na mtu: lina namba, hatua, matokeo yanayotarajiwa, na mtu wa kulipitisha. Matokeo ya mashine zinayapokea pia, zote mbili zinasoma faili la JUnit XML, yaani faili la matokeo ambalo zana nyingi za majaribio hulitoa. Ila majaribio yenu tayari yameandikwa kwenye kodi. Mkiyaandika upya ndani ya zana mtakuwa na nakala mbili, na developa akibadilisha ile ya kwenye kodi, ya pili inabaki na maneno ya zamani mpaka mtu aikumbuke. Nimeona watu makini kabisa wakimaliza nusu siku kuoanisha namba za majaribio badala ya kuchunguza kilichofeli. Zana za namna hiyo ninazikubali pale ambapo mteja, mathalani benki, anadai ushahidi wa majaribio yaliyosainiwa kabla mfumo haujaenda hewani, au pale ambapo bado mna kazi kubwa ya kujaribu kwa mkono. Kwa maelezo yako, ninyi hampo huko. Allure na ReportPortal ndizo za aina ya pili, zimejengwa kuzunguka matokeo ya mashine.

Kwa hiyo pima zana kwa swali moja: jaribio likifeli, mtu anafikaje kwenye chanzo, na kwa haraka gani?

Nikupe mfano halisi. Tuna jaribio la malipo kwa simu: mteja anathibitisha, mtoa huduma anarudisha majibu kwenye seva yetu, kisha skrini inapaswa kuandika "Imelipwa". Likafeli. Ripoti ya kawaida iliandika kwamba muda umeisha baada ya milisekunde 5000, basi. Maneno hayo yanaweza kumaanisha kitufe hakikubonyezwa, au seva yetu ilianguka, au majibu ya mtoa huduma yalichelewa. Watu watatu tofauti wangeanza kutafuta sehemu tatu tofauti. Lakini Playwright ina treisi, yaani rekodi ya jaribio zima: ukurasa ulivyokuwa katika kila hatua, kila ombi lililokwenda kwenye seva, na kila jibu lililorudi. Tukaifungua. Skrini ilikuwa imeandika "Inasubiri" kama inavyotakiwa, maombi ya kuuliza hali ya malipo yote yamejibiwa 200, yaani seva imejibu sawasawa, na hali ndani ya kila jibu ni ileile: malipo bado. Developa wa skrini akarudi kwenye kazi yake palepale, suala likaenda kwa anayeshughulikia muunganiko na mtoa huduma.

Zana yoyote mtakayochagua, treisi hiyo iwe imeshikizwa kwenye jaribio lililofeli na ifunguke kwa kubonyeza mara moja. Kama mtu inabidi apakue zipu kutoka CI (mfumo unaoendesha majaribio kila kodi inapobadilika), aifungue, kisha atafute faili ndani yake, hatafanya hivyo. Ataendesha tu majaribio upya akiomba yapite.

Hapo ndipo inakuja historia, na ndiyo sehemu ninayoomba muitilie mkazo kuliko rangi na grafu. Majaribio vigeugeu, yale yanayofeli leo na kupita kesho bila kodi kubadilika, yapo kila mahali. Google walieleza mwaka 2016 kwamba karibu 16% ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, na kwamba karibu 84% ya nyakati ambazo jaribio lilitoka kupita likawa linafeli zilihusisha jaribio kigeugeu. Sasa fikiria developa wenu anaona nyekundu asubuhi. Ripoti isipomwambia kama jaribio hili limeanza kufeli leo au limekuwa likiyumba mwezi mzima, atakisia, na mwisho wake timu nzima inazoea kupuuza nyekundu.

Allure ina historia, lakini ina masharti yake ambayo wengi hawayajui. Allure 2 inapata mwenendo wa nyuma kwa kunakili folda ya historia ya ripoti iliyopita na kuiweka pamoja na matokeo mapya kabla ya kutengeneza ripoti. Kama mashine zenu za CI zinafutwa kila baada ya kazi, bila hatua hiyo kila ripoti inazaliwa haina jana. Sharti la pili limejificha zaidi: Allure inalitambua jaribio kwa jina lake kamili pamoja na vigezo vyake, yaani data linayopewa. Ukiwa na jaribio la pytest linalopewa namba ya simu ya kubahatisha kama kigezo, kila safari Allure inaliona ni jaribio jipya kabisa, na historia inakatika. Kigezo cha namna hiyo kiondoe kwenye utambulisho. Upande wa pytest Allure inaruhusu hilo. Jambo jingine dogo la Allure: ukimtumia bosi folda ya ripoti kwa WhatsApp akaifungua kwenye kivinjari chake, ataona ukurasa usio na kitu, kwa sababu ripoti inahitaji seva. Itengenezeni kama faili moja, chaguo hilo lipo, au iwekeni mahali penye anwani ya kudumu.

ReportPortal, ambayo nayo ni programu huria na ilianzia kampuni ya EPAM, ni mfumo kamili wenye hifadhidata. Historia inakaa yenyewe, matokeo yanaonekana majaribio yakiwa bado yanakimbia, na kila kufeli kunawekwa kwenye kundi: kosa la bidhaa, kosa la jaribio, tatizo la mazingira, au bado linachunguzwa. Ikishaona mmepanga vya kutosha, inalinganisha logi (kumbukumbu za mfumo) mpya na za zamani na kupendekeza kundi lenyewe. Kwa timu yenye mafeli mengi yanayofanana, hiyo ni nafuu kubwa. Gharama yake ni seva: inakuja na PostgreSQL (hifadhidata), RabbitMQ (ya kupitisha ujumbe) na OpenSearch (ya kutafuta), na lazima awepo mtu wa kuvitunza, kuvisasisha na kufuta logi diski inapojaa. Kama mtu huyo hamna, msiiguse.

Kwa upande wa bei, angalieni zana inamhesabu nani. Programu-jalizi za Jira (mfumo wa kufuatilia kazi za timu) kama Xray zinalipiwa kwa idadi ya watumiaji wote wa Jira yenu, hata mhasibu asiyewahi kufungua jaribio. Nyingine zinahesabu matokeo, na timu inayoendesha majaribio elfu kwa kila badiliko inamaliza kifurushi haraka sana. Na bei hizo ni za dola.

Ushauri wangu kwenu: wiki hizi za kwanza msinunue chochote. Kama kodi yenu inakaa GitLab, wekeni JUnit XML kwenye ripoti za kazi. Itaonyesha kilichofeli palepale kwenye ombi la kuunganisha kodi, na jaribio limefeli mara ngapi kwenye tawi kuu (nakala kuu ya kodi) ndani ya siku 14. Jenkins, mfumo mwingine wa CI, nayo inaonyesha kufeli kumeanza kwenye jengo (build) lipi. Ongezeni Allure juu yake kwa ajili ya treisi na picha za skrini. Mkishindwa kufuatilia vigeugeu kwa njia hiyo, ndipo ReportPortal ipate hoja ya kupeleka kwa bosi. Ila jueni kwamba JUnit XML haina kiwango rasmi kimoja: Maven Surefire, ya kuendesha majaribio ya Java, ina alama zake za jaribio lililofeli kisha likapita liliporudiwa, na zana nyingine hazizisomi. Jaribuni na mafaili yenu wenyewe, si na mfano wa muuzaji.

Na kwa kuwa mnagusa malipo: treisi inabeba tokeni za kuingilia na namba za simu kama zilivyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Ripoti isikae kwenye kiungo cha wazi, majaribio yatumie namba za kutunga, na wekeni muda wa kufuta viambatanisho. Kabla ya kusaini na muuzaji yeyote wa wingu, muulizeni data inakaa nchi gani, na matokeo yenu mtayatoaje mkiondoka.